Hodi, Daftari na Laini ya Simu: Dola na Faragha katika Viunga vya Dar es Salaam

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 serikali iliwajua wakazi wa Kinondoni na Temeke kupitia jirani yao mmoja. Enzi za Mwingereza walikuwapo liwali na wasaidizi wake. Baada ya uhuru akaja balozi wa nyumba kumi, ambaye wengine humwita mjumbe. Aliyetaka kujua nani amehamia, nani hana kazi, au nyumba gani inalala wageni, alimuuliza huyo. Ndiyo maana mvutano kuhusu mipaka ya dola katika maisha ya mtu ulianzia barazani na uwani, miaka mingi kabla ya kufika Mahakama Kuu ukiwa umeandikwa kwa lugha ya vifungu.

Nyumba yenyewe ilikuwa na sheria zake. Nyumba ya Kiswahili ya viunga hivi ina baraza mbele, korido katikati, vyumba sita vinavyotazamana, na nyuma ua wenye jiko, choo na bafu. Kila chumba kinaweza kuwa na mpangaji wake na familia yake. Katika msongamano huo faragha ililindwa kwa pazia la mlangoni na kwa hodi. Mgeni hupiga hodi, husubiri kuitikiwa karibu, na asipoitikiwa mara ya tatu huondoka. Desturi hiyo ya pwani, inayotiwa nguvu na mafundisho ya Uislamu, ina umri mkubwa kuliko katiba yoyote iliyowahi kutumika Tanganyika. Inafaa kukumbukwa kila inapodaiwa kwamba faragha ni jambo la kuletwa na wageni.

Dola haikuwa na mazoea ya kupiga hodi. Utawala wa Kijerumani, na baadaye wa Kiingereza, uliugawa mji kwa kanuni za ujenzi ambazo kwa vitendo ziliwagawa watu: Uzunguni ufukweni, Uhindini katikati, na Waafrika Kariakoo na maeneo yaliyofuata. Baada ya Vita Kuu ya Pili mji ulipofurika, serikali ilipima viwanja na kujenga nyumba za wafanyakazi katika maeneo kama Ilala, Magomeni na Temeke. Majina ya mitaa yenye neno “kota” ni kumbukumbu ya ujenzi huo. Pamoja na nyumba ilikuja hofu. Mwaka 1944 ilitungwa sheria iliyowapa maofisa uwezo wa kumwondoa mjini Mwafrika aliyeonekana hafai kuishi humo, yaani hasa asiye na kazi ya kueleweka. Misako ilifanywa, stakabadhi za kodi zikadaiwa, na waliokosa maelezo ya kuridhisha wakarudishwa makwao bara au Rufiji. Neno “mhuni”, lililokuwa na maana pana ya mtu asiye na mke wala makazi, likageuka kuwa karibu kosa la jinai.

Upande wa siasa kazi ya kuchunguza ilifanywa na tawi maalumu la polisi lililojulikana kama Special Branch. TANU ilipoanzishwa Julai 7, 1954, makachero walihudhuria mikutano yake na kuandika kilichosemwa. Mwaka 1957 Julius Nyerere alipigwa marufuku kuhutubia mikutano ya hadhara, na mwaka 1958 alishitakiwa kwa kuwakashifu maofisa wawili wa serikali katika gazeti la Sauti ya TANU, akatozwa faini ya shilingi 3,000. Nyumba yake ya Magomeni, ambayo leo ni makumbusho, ilikuwa ya mtu ambaye serikali ilikuwa na jalada lake. Mwaka 2011 Uingereza ilikiri kwamba majalada mengi ya siri yaliondolewa katika makoloni yake kabla ya bendera kushushwa na kufichwa kwa miaka mingi. Ya Tanganyika yalikuwa miongoni mwake. Serikali huru ilirithi majengo ya tawi hilo, maofisa wake na namna yake ya kufanya kazi. Emilio Mzena, Mwafrika wa kwanza kuliongoza, aliijenga idara mpya juu ya msingi huo.

TANU ilikuwa na wazo jingine pembeni. Mapema katika miaka ya 1960 ilianza kujaribu mashina ya nyumba kumi kumi, Dar es Salaam ikiwa miongoni mwa mahali pa mwanzo. Mwaka 1964 ukaufanya mpango huo kuwa wa haraka. Januari 12 serikali ya Zanzibar ilipinduliwa. Januari 20 askari wa kambi ya Colito, inayoitwa sasa Lugalo, waliasi, wakaingia mjini na kuwakamata maofisa wao. Nyerere alijificha, na siku chache baadaye ikabidi majeshi ya Uingereza yaitwe kuwazima. Kwa viongozi waliogundua kwamba wanaweza kulala madarakani na kuamka bila serikali, chama chenye mtu wake katika kila nyumba kumi kilikuwa kinga. Mwaka 1965, nchi ilipokuwa ya chama kimoja kwa katiba, mfumo huo ulikuwa umeenea karibu kila mahali.

Kazi za balozi zilitajwa kuwa mbili: kupandisha maoni ya watu kwa chama na kushusha maagizo ya chama kwa watu. Katika maisha ya kila siku zilikuwa nyingi zaidi. Alisuluhisha ugomvi wa wapangaji kuhusu zamu ya kufagia ua, alikusanya michango, alitangaza siku ya usafi, alipokea taarifa za msiba. Na alitakiwa kumjua kila mgeni. Mwenyeji aliyelaza ndugu kutoka Lindi au Kigoma alipaswa kwenda kutoa taarifa, naye balozi akaandika katika daftari lake jina, atokako, sababu ya kuja na siku za kukaa. Hakulipwa mshahara. Malipo yake yalikuwa heshima, bendera ya chama juu ya mlango, na pengine ada ndogo ya barua.

Barua hiyo ndiyo iliyompa nguvu kuliko daftari. Bila barua ya utambulisho ya balozi ilikuwa vigumu kumdhamini mtu polisi, kuandikisha mtoto shule au kufungua mlango wa ofisi nyingi za serikali. Mtu aliyekuchunguza ndiye uliyemhitaji. Jina lenyewe lina utata unaostahili kutajwa: balozi ni mtu anayetumwa na upande mmoja kukaa upande mwingine, na wakazi wa Temeke na Kinondoni hawakuwa na hakika siku zote katumwa na nani.

Hata hivyo mfumo huo ulikuwa na breki ambayo mitambo ya baadaye haikuwa nayo. Balozi alichaguliwa na watu wa shina lake na alikaa nao. Aliyezidisha umbea, aliyepeleka habari za kitandani polisi, au aliyetumia daftari kulipiza kisasi, alizikwa na watu wachache, kwa msemo wa mtaani. Wazee wa msikiti au wa kanisa walimwendea jioni, wakakaa naye barazani na kumweleza kwamba amepita kiasi. Aliyekosewa alijua jina la aliyemkosea na nyumba anayolala. Kushawishi chombo cha dola kuheshimu faragha kulimaanisha kumshawishi mzee fulani, kwa jina lake, na mara nyingi kulifaulu. Kulishindwa pale ambapo amri ilitoka juu, kwa kuwa chini ya chama kimoja hapakuwa na mlango mwingine wa kukata rufaa nje ya chama hichohicho.

Idadi ya watu ndiyo iliyoanza kuichosha breki hiyo. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu wapatao 272,000 Dar es Salaam. Ya mwaka 1978 ikakuta zaidi ya 840,000. Nyumba kumi za vyumba sita ni vyumba 60, na wapangaji huhama kila kodi inapopanda. Balozi wa Tandale au Mbagala hangeweza kumjua kila mtu kwa sura, na daftari lisilofuatwa na sura hubaki orodha ya majina tu.

Juu ya balozi kulikuwa na sheria nzito. Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ya mwaka 1962 ilimruhusu Rais kumfunga mtu bila kumfikisha mahakamani. Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 ilifunika kwa siri shughuli nyingi za serikali. Idara ya usalama yenyewe ilifanya kazi miaka yote hiyo bila sheria ya Bunge iliyoeleza ukomo wake. Tume iliyopendekeza chama kimoja mwaka 1965 ilikataa kuweka orodha ya haki za raia katika katiba, kwa hoja kwamba nchi changa haiwezi kujifunga mikono na kwamba mahakama zisivutwe katika ugomvi na serikali. Badala yake ilipendekeza Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, iliyoanza mwaka 1966 chini ya Chifu Erasto Mang’enya. Mwananchi yeyote angeweza kuipelekea malalamiko dhidi ya afisa wa serikali au wa chama. Ilikuwa hatua ya mbele Afrika nzima, lakini ripoti zake zilikwenda kwa Rais, na yeye ndiye aliyeamua lifanyike nini. Ilikuwa, kwa kifupi, namna iliyokuzwa ya kumwendea balozi jioni.

Mara moja katika miaka hiyo serikali ililazimika kujiwajibisha hadharani. Wakati wa msako wa wauaji katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga katikati ya miaka ya 1970, maofisa wa polisi na usalama waliwatesa watuhumiwa na baadhi wakafa mikononi mwao. Mwanzoni mwa 1977 Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu pamoja na waziri mwenzake Peter Siyovelwa na wakuu wa mikoa hiyo miwili, na baadaye maofisa kadhaa walihukumiwa vifungo. Mwinyi hakuwa amemgusa mtu yeyote. Alieleza kwamba anabeba dhamana ya wizara, na tendo hilo linatajwa hadi leo kila panapodaiwa uwajibikaji. Ni vema pia kusema kwamba halikurudiwa mara nyingi.

Dar es Salaam ilikuwa na operesheni zake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 vijana wasio na ajira walipelekwa kusini mwa jiji katika kijiji cha Mbwamaji, kilichopewa jina jipya la Gezaulole, kwa Kizaramo “jaribu uone”. Mwaka 1976 ikaja operesheni ya Kila Mtu Afanye Kazi. Mwaka 1983, baada ya kampeni dhidi ya wahujumu uchumi iliyoongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine, Bunge lilipitisha sheria ya Nguvu Kazi. Malori ya mgambo yalizunguka Manzese, Buguruni, Tandika na Kariakoo. Asiyekuwa na kitambulisho cha kazi alipakiwa. Mabalozi walitakiwa kuthibitisha nani ni mkazi na nani ni mzururaji. Wauza maji, wachoma mihogo na wasusi walikamatwa ingawa kazi zao zilionekana kwa macho, kwa kuwa hazikuwa na karatasi. Wengi walirudi mjini baada ya wiki chache. Operesheni zilififia kwa gharama na kwa kejeli ya mji zaidi ya kwa hoja za kisheria, maana hoja hizo hazikuwa na mahali pa kusikilizwa.

Mahali hapo palipatikana mwaka 1984. Mabadiliko ya tano ya Katiba yaliingiza sura ya haki na wajibu, na ibara ya 16 ikatamka kwamba kila mtu anastahili kuheshimiwa na kulindwa yeye mwenyewe, maisha yake binafsi, familia yake, maskani yake na mawasiliano yake. Serikali ilijipa miaka mitatu ya kusafisha sheria zake kabla haki hizo hazijaanza kudaiwa mahakamani, kwa hiyo milango ya mahakama ilifunguka Machi 1988. Ibara yenyewe ina mkia: sehemu yake ya pili inairuhusu mamlaka ya nchi kuweka utaratibu wa namna haki hiyo inavyoweza kuingiliwa. Mashauri yote yaliyofuata yamekuwa ni kubishania urefu wa mkia huo.

Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai ya mwaka 1985 haikushangiliwa kama Katiba, lakini kwa mkazi wa Temeke huenda ilikuwa na uzito zaidi. Inataka upekuzi wa nyumba ufanywe kwa hati ya maandishi, kati ya macheo na machweo isipokuwa mahakama ikiruhusu muda mwingine. Kilichochukuliwa kiandikiwe stakabadhi, nayo itiwe saini na mwenye mahali na mashahidi waliokuwapo. Shahidi huyo akawa, kwa mazoea, balozi au kiongozi wa mtaa. Hapo mtu yuleyule aliyekuwa jicho la dola aligeuka kuwa jicho la raia juu ya dola: polisi wanapofika, mwenye nyumba huomba mjumbe aitwe kwanza. Mjumbe husimama mlangoni, huona droo ikifunguliwa, huhesabu kinachotolewa, hutia saini. Mahakama ya Rufani imewahi kutupa vielelezo na kuwaachia watuhumiwa, hata wa makosa makubwa ya dawa za kulevya, kwa sababu upekuzi ulifanyika bila hati au stakabadhi haikuandikwa ipasavyo. Si maofisa wote waliopenda uamuzi wa namna hiyo, lakini umewafundisha kubeba karatasi kuliko semina yoyote.

Miaka ya 1990 ilianza na sungusungu. Ulinzi wa jadi wa Wasukuma uliletwa Dar es Salaam mwaka 1990, Augustino Mrema akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, na kila mtaa ukatakiwa kutoa watu wa doria ya usiku au kulipa mchango. Wezi walipungua kwa muda. Fimbo kwa wasio na hatia ziliongezeka. Februari 1991 Rais Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali kuchunguza kama nchi ibaki na chama kimoja. Walio wengi kati ya waliohojiwa walitaka kibaki, lakini tume ilipendekeza vyama vingi. Iliambatanisha pia orodha ya sheria 40 zilizostahili kufutwa au kurekebishwa kwa kukandamiza haki, ile ya kizuizini ikiwamo. Vyama vingi viliruhusiwa Julai 1992. Sehemu kubwa ya sheria hizo 40 zilisubiri.

Kwa mitaani badiliko kubwa lilikuwa kutenganishwa kwa chama na serikali. Balozi alibaki kiongozi wa shina la CCM, chama kilichoirithi TANU, na kuanzia mwaka 1994 wakazi walichagua mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ambaye angeweza kutoka chama chochote. Mhuri ulihamia kwake. Mazoea hayakuhama haraka hivyo: katika mitaa mingi mwombaji wa barua bado huulizwa kama amepita kwa mjumbe, na mwanachama wa upinzani hujikuta akithibitishiwa ukazi wake na mtu wa chama anachokipinga. Ni kasoro isiyo na kelele, na kwa hiyo imedumu. Kenya ilivutiwa na upande wa ulinzi wa mfumo huo: baada ya shambulio la Westgate mwaka 2013 ilianzisha mpango wake ikiuita kwa jina la Kiswahili la Nyumba Kumi.

Mwaka 1996 idara ya usalama ilipata sheria yake kwa mara ya kwanza. Ilipopitishwa, Sheria ya Idara ya Usalama wa Taifa namba 15 ilieleza kazi za idara na kutamka kwamba si kazi yake kumfuatilia mtu kwa sababu tu ya kushiriki maandamano halali au kupingana na serikali. Kwa taasisi iliyofanya kazi gizani kwa zaidi ya miaka 30, maneno hayo yalikuwa na maana. Hayakuambatana, hata hivyo, na chombo huru cha kukagua kama yanafuatwa.

Miaka miwili baadaye, Agosti 7, 1998, bomu lililipuka katika ubalozi wa Marekani, wilaya ya Kinondoni, likaua watu 11. Ilibainika kwamba bomu lilitayarishwa katika nyumba ya kupanga Ilala, katikati ya majirani. Waliotaka serikali iwe na masikio zaidi walipata hoja ambayo ilikuwa vigumu kuijibu: daftari la balozi halikumwona mpangaji huyo. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2002 iliruhusu kunasa mawasiliano, ikimtaka polisi apate ridhaa ya Mwanasheria Mkuu na kibali cha mahakama. Kwenye karatasi huo ni utaratibu mzuri. Sheria zilizofuata zilipunguza hatua hizo.

Usajili wa laini za simu ulianza mwaka 2009 na kufanywa lazima na sheria ya mawasiliano ya mwaka 2010. Sheria ya vitambulisho vya taifa ilikuwa imepitishwa tangu 1986, lakini kadi za kwanza zilitolewa mwaka 2013. Mikondo hiyo miwili ilikutana Mei 2019, laini zilipoanza kusajiliwa upya kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA). Foleni zilijaa katika ofisi za vitambulisho jijini. Mwisho uliowekwa, Desemba 31, ulisogezwa kwa siku 20 na Rais John Magufuli, kisha laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Kazi ambayo balozi aliifanya kwa daftari na kumbukumbu sasa ilifanywa na kidole kimoja kwenye mashine ya wakala wa barabarani. Tofauti ni kwamba mashine haiendewi jioni. Mwenye laini hajui nani ameomba orodha ya simu zake, lini, wala kwa sababu gani.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ndiyo iliyoufikisha ubishi huo mahakamani. Ilimpa polisi uwezo wa kuagiza taarifa zilizomo katika kompyuta zitolewe, na mkuu wa kituo uwezo wa kuidhinisha upekuzi na ukamataji wa vifaa. Mwaka huohuo wakili Jebra Kambole aliipinga. Desemba 2016 Mahakama Kuu ilikiona kifungu kimoja tu, kinachomruhusu Mkurugenzi wa Mashitaka kumaliza kosa kwa malipo, kuwa kinyume cha Katiba. Kampuni ya Jamii Media, mmiliki wa jukwaa la mtandaoni la JamiiForums, ilikuwa na shauri lake. Polisi walikuwa wameiandikia barua wakitaka majina halisi ya watu walioandika kwa majina bandia, wengine wakifichua tuhuma za ufisadi. Kampuni ilikataa na kuiomba mahakama itamke kwamba amri hizo zinavunja ibara za 16 na 18. Desemba 13, 2016, mwanzilishi wake Maxence Melo alikamatwa, akakaa mahabusu kwa siku kadhaa na kufunguliwa mashitaka matatu katika mahakama ya Kisutu, likiwamo la kuzuia upelelezi. Machi 2017 Mahakama Kuu ilitupa hoja za kampuni. Melo aliendelea kupanda na kushuka ngazi za Kisutu hadi mwaka 2020. Katika shauri moja aliachiwa huru, katika mengine alitiwa hatiani, akatozwa faini au kuachiwa kwa masharti. Majina hayakutolewa. Katika kesi hii ushawishi ulikuwa kukataa tu, na gharama yake ililipwa na mtu mmoja.

Oktoba 2018 mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam alitangaza kamati ya kuwasaka watu wa mapenzi ya jinsia moja na kuwataka wakazi wampelekee majina. Novemba 4 Wizara ya Mambo ya Nje ilitamka kwamba hayo ni mawazo yake binafsi, na kwamba serikali inaheshimu mikataba ya haki za binadamu iliyoridhia. Mwaka uliofuata, Desemba 20, mwanasheria Tito Magoti alichukuliwa Mwenge, Kinondoni, na watu waliovaa kiraia. Baada ya siku nne aliletwa mahakamani pamoja na Theodory Giyan kwa mashitaka ya uhujumu uchumi, mojawapo likiwa kumiliki programu ya kompyuta kwa nia ya kutenda kosa. Walikaa rumande zaidi ya mwaka, wakatoka Januari 2021 baada ya makubaliano na upande wa mashitaka. Mwaka 2024 shauri la ajira jijini London lilileta dai zito zaidi. Mfanyakazi wa zamani wa kampuni mama ya mtandao mmoja wa simu alidai kwamba taarifa za mahali alipokuwa mwanasiasa wa upinzani Tundu Lissu zilikabidhiwa serikali katika wiki zilizotangulia shambulio la risasi dhidi yake, Dodoma, Septemba 7, 2017.

Kenya ilipita njia yenye mabonde mafupi zaidi. Ibara ya 31 ya katiba yake ya mwaka 2010 inalinda faragha, na Januari 30, 2020 majaji watatu wa Mahakama Kuu ya Nairobi waliuwekea masharti usajili wa Huduma Namba, namba moja ya utambulisho kwa kila mkazi: usiendelee bila sheria kamili ya kulinda taarifa, na usikusanye vinasaba wala vipimo vya mahali mtu anapoishi. Waliofungua shauri walikuwa, miongoni mwa wengine, Wanubi wa Kibera, watu waliokuwa na uzoefu mrefu wa kunyimwa vitambulisho.

Tanzania ilipata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Novemba 2022. Ikaanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ikazinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 3, 2024. Inawabana wakala wa laini, hospitali, benki na mwenye nyumba ya wageni, ila inatoa msamaha mpana kwa shughuli za usalama wa taifa. Marekebisho ya mwaka 2023 ya Sheria ya Idara ya Usalama wa Taifa nayo yaliongeza kinga kwa maofisa wa idara. Magoti, aliyekuwa ametoka rumande, aliipeleka Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mahakamani. Mei 8, 2024 Mahakama Kuu, Dar es Salaam, ilikataa hoja zake nyingi lakini ikakubali kwamba baadhi ya vifungu vya ukusanyaji wa taarifa vimeandikwa kwa maneno mapana mno kiasi cha kumwacha raia bila kujua anakatazwa nini. Serikali ilipewa mwaka mmoja kuvirekebisha.

Kwa mkazi wa Mbagala au Kinondoni ambaye hatafika Mahakama Kuu, kilichopo mkononi bado ni sheria ya mwaka 1985. Afisa akifika mlangoni, hati isomwe kabla hajaingia, mjumbe au mwenyekiti wa mtaa aitwe, na simu ikichukuliwa iandikwe katika stakabadhi kama kitu kingine chochote, kwa aina yake na namba yake. Stakabadhi isiyosomwa isitiwe saini.